Meno ya Clarrie

Ballarat, Jumapili, 6 Mei 1984

Muuguzi wa kliniki ya kisukari amenipa daftari hili. Anataka kila siku niandike nilichokula na sindano niliyojidunga, kisha nimpelekee baridi ikiisha. Haya basi: nimekula mkate mkavu, supu ya njegere, na masimango ya Nerida.

Nerida ni dada yangu mkubwa. Nyumba ni yake, aliachiwa na marehemu mumewe. Paka wote waliomo ni wake pia, paka wa Kiburma wa rangi ya kahawia, kila mmoja na jina refu la maonyesho na ukoo unaojulikana kuliko wa waziri mkuu. Mimi nilikuwa mpishi wa hospitali mpaka kisukari kilipoanza kunila macho. Hapo Nerida akanipa chumba cha nyuma, kinachopakana na vizimba vya paka, na tangu siku hiyo hajachoka kunikumbusha kwamba alinipa.

Jumatano, 9 Mei

Ukungu. Mkate, yai, chai bila sukari.

Paka Clarrie anakunywa maji ya ndoo ya kudekia.

Ijumaa, 11 Mei

Clarrie ndiye mfalme wa humu. Nerida alimpa jina la baba yetu, na anampenda kuliko alivyompenda baba. Alishahasiwa, lakini watoto wake wako hadi Perth, na bado anapelekwa kwenye maonyesho kushindania utepe wa waliohasiwa. Kati ya viumbe wote wa nyumba hii, ndiye pekee anayekuja kulala mapajani mwangu bila kuitwa.

Wiki hii yote amekuwa akimaliza bakuli la maji na kurudi kulitazama. Mchanga wa sanduku lake umekuwa mzito kama udongo wa kufinyangia. Leo nilimvizia, nikachukua karatasi yangu mwenyewe ya kupimia mkojo, nikaichovya. Iligeuka rangi nyeusi ya kijani, mbaya kuliko yangu yoyote.

"Dada, Clarrie ana kisukari," nilimwambia Nerida.

Alikuwa anampiga brashi paka mwingine. Hakugeuka. "Ursi, wewe ukiumwa kichwa, nyumba nzima imeze dawa?"

"Nimempima mkojo."

"Umempima paka wangu mkojo. Hongera. Kumbe kazi bado unaiweza."

"Atakonda, dada. Atakufa."

"Akikonda itakuwa vizuri. Kuna watu humu ndani wangefaa kumwiga." Hapo akaweka brashi chini. "Damu yangu haina kisukari. Umenielewa? Nina watu wanasubiri watoto wa mabinti zake. Hilo neno usilitamke tena karibu na dirisha."

Jirani yetu ni nyumba ya mchungaji, na mchungaji ni kiziwi.

Jumapili, 13 Mei

Kapungua. Nimemshika mgongo, nikahesabu mifupa.

Jumatano, 16 Mei

Nerida amekubali nimpeleke kwa daktari, kwa masharti. Si hapa Ballarat, kwa sababu nesi wa daktari wa mifugo wa hapa ni Corinne, mkwe wa Hesba Tolley, na Hesba Tolley amekuwa akimtafutia Nerida kosa tangu walipogombea uenyekiti wa chama cha wafugaji. "Mpeleke Geelong. Kwa jina lako. Paka wa kawaida, wa nyumbani. Mimi sijui lolote."

Nilipanda basi na kikapu mapajani. Daktari Pascoe ni mzee, mikono yake ina vidonda vya kukwaruzwa. Alimpima damu, akatingisha kichwa. Alisema atumie insulini ileile ninayotumia mimi, kidogo sana, asubuhi na jioni, na kamwe nisimdunge kabla sijamwona kwa macho yangu amekula.

Kisha akamfungua mdomo, akarudi nyuma. Hata mimi nilisikia harufu. Fizi zilikuwa nyekundu, na kwenye magego zilikuwa zimevimba na kutoa usaha.

"Meno haya yanaoza mpaka kwenye mizizi," alisema. "Yatolewe, mama. Mwili wenye usaha hausikii insulini. Utadunga na kudunga, na sukari itabaki palepale juu."

Nikamwuliza kama paka mwenye kisukari anaweza kulazwa kwa nusu kaputi. Akasema anaweza, ila si kama paka wengine. Asinyimwe chakula usiku kucha. Apewe chakula kidogo alfajiri na nusu ya insulini, atangulie kuliko wote kwenye meza, apimwe sukari kabla, katikati na baada. "Akipewa dozi nzima tumboni hamna kitu, sukari itaporomoka, na aliyelala kwa dawa hawezi kukuonyesha kwamba anakufa." Meno yakishatoka, akaongeza, insulini nayo itabidi ipunguzwe haraka, na wengine huwa hawaihitaji tena kabisa.

Nilimwambia Nerida yote haya. Alisikiliza mpaka neno meno.

"Hatang'olewa hata moja. Jaji anafungua mdomo, Ursi. Anatazama jinsi meno yanavyokutana. Maonyesho makubwa ni mwisho wa Juni."

"Anaumia."

"Mimi nina goti bovu na sijang'olewa mguu."

Alhamisi, 17 Mei

Nimemdunga Clarrie mara ya kwanza, kwenye ngozi ya shingo, baada ya kula. Hakushtuka hata. Nerida alipoona sindano akatoka jikoni.

Jumamosi, 19 Mei

Sindano asubuhi, sindano jioni. Mara zote mbili Nerida akatoka jikoni. Nadhani anaogopa sindano, maskini.

Jumanne, 29 Mei

Barafu kwenye majani. Karatasi bado nyeusi. Nimeongeza insulini kama Pascoe alivyoniambia kwenye simu. Chupa ni moja, yangu, kwenye friji, nyuma ya siagi.

Jumatatu, 4 Juni

Mvua. Anatokwa na udenda wenye damu. Chakula kikavu hakigusi, nampondea samaki. Anakwenda kwenye sahani kwa hamu, analamba, anapiga kelele kidogo na kurudi nyuma. Halafu anarudi tena kwa sababu ana njaa. Nerida anasema anadeka.

Alhamisi, 14 Juni

Leo tumegombana, na najuta kwamba sikugombana zaidi.

Nilimwambia nitampeleka Geelong akang'olewe, atake asitake. Akanitazama kwa ule utulivu wake. "Karatasi za umiliki zina jina la nani? Na wewe umeanza lini kuwa mtetezi wa meno? Wewe?"

Anajua pa kupiga. Enzi zetu msichana akiposwa, baba mwenye kujali alimlipia akang'olewe meno yote, mazima na mabovu, avishwe ya bandia, ili mume asije kuingia gharama ya daktari wa meno. Ilikuwa zawadi, watu walikuja kuitazama kama wanavyotazama kabati la vyombo. Baba alinipa mimi nilipotimiza miaka ishirini na mmoja. Nerida yeye alikuwa ametorokea Melbourne, akabaki na yake. Mchumba wangu alinitembelea mara mbili baada ya hapo. Mara ya tatu alituma dada yake.

"Angalau Clarrie hatakuwa anangoja harusi," Nerida alisema, akajimiminia chai.

Nilikwenda chumbani nikakaa na paka. Nilimwambia kwamba mdomo mtupu unazoeleka, kwamba maumivu yakishaisha mtu hula chochote. Sijui nani nilikuwa namfariji.

Ijumaa, 22 Juni

Sindano. Akatoka jikoni. Yai, mkate.

Ijumaa, 29 Juni

Nerida amemsugua Clarrie ufizi kwa majani ya mnanaa yaliyopondwa, ili anukie kesho. Nilimshika mimi. Paka alitetemeka mwili mzima lakini hakuniuma, na afadhali angeniuma.

Jumapili, 1 Julai

Nitaandika ya jana polepole, nina furaha mbaya moyoni.

Ukumbi ulikuwa baridi, watu na makoti, vizimba vyenye mapazia. Hesba Tolley alikuja kwetu na kofia yake ya manyoya na mkwewe Corinne nyuma. "Nerida mpenzi, mbona mfalme wako amekuwa mwembamba? Au ndiyo mtindo?"

"Nimempunguza kwa ajili ya jaji," Nerida alijibu. "Wewe wa kwako unampunguza lini? Au huyo ni wawili?"

Jaji alikuwa Bwana Renwick, wa kutoka Sydney, mtu wa mikono laini. Alimnyanyua Clarrie, akamsifu macho, akamsifu manyoya. Kisha akaweka kidole gumba chini ya mdomo na kuuvuta wazi. Clarrie, ambaye kwa miaka yote hajawahi kumkwaruza hata mtoto, alizamisha meno kwenye mkono wa Bwana Renwick na kung'ang'ania. Kwenye chama chetu paka akimuuma jaji anatolewa, na jina lake linasomwa kwa kipaza sauti. Lilisomwa lote, na majina ya ukoo. Bwana Renwick aliunusa mkono wake kabla hajaufunga bandeji, na watu waliokuwa karibu waliona.

"Kuna kitu kimekufa humo mdomoni," alisema.

Hesba hakucheka. Alimshika Nerida begani kwa upole, mbele ya kila mtu, na huo ulikuwa ukatili kuliko kicheko. Njia nzima ya kurudi Nerida aliendesha gari. Nilikaa nyuma na kikapu nikijisikia nimeshinda, mpumbavu mimi.

Jumatatu, 9 Julai

Nerida mpole. Ananiuliza kama nimelala vizuri. Sipendi.

Ijumaa, 13 Julai

Jana sikuandika, leo naandika yote.

Jana asubuhi niliingia jikoni na kumkuta Nerida ameshaamka, bakuli la Clarrie liko kwenye beseni, limelowa. "Nimeshamlisha," alisema. "Kala yote. Mdunge tu."

Pascoe alisema nione kwa macho yangu. Sikuona. Lakini lilikuwa bakuli lake, na Nerida alikuwa ananitazama kwa uso wa dada. Nikamdunga dozi nzima, ile niliyokuwa nimeipandisha mara tatu. Safari hii Nerida hakutoka jikoni. Alisimama akatazama mpaka mwisho, kisha akamchukua paka, akamtia kikapuni, na kuondoka na gari. "Nampeleka kupigwa picha," alisema.

Nilipokwenda kuosha bakuli nikaona halikuwa na hata harufu ya samaki. Kopo la samaki nililomwekea kwa asubuhi lilikuwa bado limefungwa. Hakuwa amekula chochote tangu nilipomlisha jioni. Hapo nikaelewa anakopelekwa paka aliyenyimwa chakula, na picha haikuwamo.

Nilipiga simu kliniki ya hapa. Alipokea Corinne.

"Clarrie wa Nerida yuko hapo?"

"Yuko mezani, shangazi. Ameshalala. Daktari anang'oa la tatu."

"Mpimeni sukari sasa hivi. Ana kisukari, ana dozi nzima ya insulini mwilini na hajala kitu."

"Shangazi, Bi Nerida ametuambia ni mzima kabisa. Tulimuuliza."

"Corinne, mwanangu, nigombeze baadaye. Mpime."

Nilisikia simu ikiwekwa kwenye kaunta na viatu vikikimbia. Nilingoja nikiwa nimeshika waya kama vile Clarrie ndiye alikuwa upande wa pili. Aliporudi alikuwa anahema. Sukari ilikuwa chini kiasi kwamba daktari alidhani kipimo kimeharibika. Walimtundikia dripu ya glukosi, wakampaka asali ya miwa kwenye fizi zilezile zenye mashimo, wakamaliza meno yaliyobaki kwa haraka. Alichelewa sana kuamka. Lakini aliamka.

Jioni Nerida alimrudisha. Mdomo umeshonwa, manyoya ya mguu yamenyolewa, macho makubwa. Alimweka mezani kama mtu anayerudisha sufuria.

"Ungeniambia," nilisema. "Ningempa nusu. Ningempa chakula. Ulijua yote, nilikueleza yote."

"Ulinieleza."

"Angekufa pale mezani."

Nerida alivua glavu, kidole kimoja kimoja. "Paka akifa mezani, Ursi, watu wanaleta maua. Hakuna anayeuliza alikuwa na nini. Wanamlaumu daktari, na ukoo unabaki safi." Akaning'iniza koti lake. "Wewe ukapiga simu. Kwa Corinne."

Miezi hii miwili yote nilidhani dada yangu anaogopa sindano.

Jumapili, 15 Julai

Analamba supu ya samaki mwenyewe. Nimepunguza insulini.

Jumamosi, 21 Julai

Baridi kali, mabomba yameganda. Amekula mara tatu, kisha akaosha uso. Karatasi imekuwa kijani hafifu.

Jumamosi, 28 Julai

Njano. Nimerudia, njano. Karatasi haina sukari hata chembe, nami sijamdunga tangu Jumatano. Pascoe anasema kwenye simu kwamba ndivyo inavyotokea, usaha ukitoka mwili unakumbuka kazi yake, ila niendelee kumpima, ugonjwa unaweza kurudi wakati wowote, hasa akilishwa ovyo. Nililia jikoni. Sijalia kwa furaha tangu nikiwa na meno.

Ijumaa, 3 Agosti

Habari zimeenea, kama Nerida alivyosema zitaenea. Wateja wawili wamekataa watoto wa paka. Hesba amepiga simu kumpa pole, mara mbili.

Jumatano, 8 Agosti

Nilimdharau Nerida. Nilidhani amekwisha.

Amempeleka Clarrie kliniki ya hapa mwenyewe, mchana, na kumwomba Corinne ampime damu. Mzima. Akamrudisha siku ya pili. Mzima. Akamwuliza daktari mbele ya watu waliokuwa kwenye benchi: paka asiye na kisukari akidungwa insulini, sukari yake itakuwaje? Itaporomoka, daktari akajibu, anaweza kufa. Kama ilivyotokea siku ile? Kama ilivyotokea siku ile.

"Dada yangu ni mgonjwa," Nerida amewaambia. "Haoni vizuri. Kwa kuwa yeye ana sukari, anaiona kila mahali. Alikuwa anamdunga mnyama wangu kwa siri kutoka kwenye chupa yake."

Na chupa ni yangu kweli. Na hakuna aliyeniona nikidunga, kwa sababu kila mara, isipokuwa siku ile moja, alitoka jikoni. Kupona kwa Clarrie kumenifanya mwongo.

Alhamisi, 9 Agosti

Nimempigia Pascoe awaambie. Alisikitika sana. "Mama, nilitibu paka wa kahawia, aliyeletwa kwa jina lako. Dada yako amenipigia jana, anasema ana wengi wa kahawia. Siwezi kuapa mbele ya watu ni yupi."

Mkate. Chai. Sina hamu.

Jumanne, 14 Agosti

Corinne alinipita dukani, akamvuta mwanawe mkono. Clarrie kanenepa.

Jumamosi, 18 Agosti

Nerida alinikuta chumbani, Clarrie yuko mapajani mwangu ananguruma kwa raha. Alikaa kitandani, jambo ambalo hajawahi kufanya.

"Kesho chama kina chai ukumbi wa kanisa. Utasimama, utasema ulikosea. Kwamba paka alikuwa mzima, ukamdunga kwa kuchanganyikiwa, unaniomba radhi."

"Sitasema."

"Basi Jumatatu asubuhi namrudisha kliniki alazwe moja kwa moja, asiamke tena. Mzee, hana meno, amemuuma jaji. Hawataniuliza mara mbili."

"Huwezi. Huyu ni Clarrie."

"Karatasi zina jina langu." Alimkuna paka nyuma ya sikio, na paka, msaliti mdogo, akainua kidevu. "Ukisema, ataishi. Nakuahidi. Ursi, wewe si unampenda? Au unachopenda ni kuwa na haki?"

Nilifikiri juu ya haki yangu. Inafaa nini, nikaivae wapi? Nilimwambia nitasema.

Jumapili, 19 Agosti

Nilisema.

Kulikuwa na keki za nazi na birika kubwa la chai. Nilivaa gauni la bluu. Nilisimama karibu na piano nikasema kwamba macho yangu ni mabovu, kwamba nilichanganya, kwamba Clarrie hajawahi kuwa na kisukari hata siku moja na mimi nusura nimuue. Nikamwomba dada yangu radhi. Nerida alinikumbatia, machozi yakimtoka kwelikweli, sijui anayatoa wapi.

Hesba Tolley alinijia na kiti. "Kaa, mpenzi. Umefanya jambo la kishujaa," alisema. Miaka yote nimemwona Hesba kuwa nyoka, na leo ndiye mtu pekee aliyenitazama kwa wema. Ningemwambia ukweli palepale. Lakini nilikuwa nimeshauuza.

Jumatatu, 20 Agosti

Simu imelia asubuhi nzima. Wale wateja wawili wamerudi.

Jumapili, 26 Agosti

Jana nilikwenda kupimwa macho. Niliporudi kikapu hakikuwapo, wala blanketi lake.

"Yuko wapi?"

"Whyalla, mwendo wa siku nzima kwa gari," Nerida alisema. Alikuwa anakata karoti. "Familia ya Vickery, walionunua mabinti zake. Wanapenda kuwa na bingwa mstaafu. Wamemfuata na gari, watu wazuri sana, wana watoto."

"Uliniahidi."

"Niliahidi ataishi. Anaishi."

"Umewaambia?"

"Niwaambie nini?" Aligeuka na kisu mkononi, akinitazama kwa mshangao safi. "Hajawahi kuwa na kisukari hata siku moja. Ulisema mwenyewe, na kanisa zima lilisikia."

Namchukia. Naandika hivyo ili muuguzi asome. Sukari yangu leo iko juu mno na sababu si chakula.

Jumatano, 5 Septemba

Miti ya maua ya manjano imechanua barabara nzima. Nimemwomba Nerida namba ya akina Vickery. Nilitegemea anikatalie. Aliniandikia palepale, kwa herufi kubwa nisipate shida ya macho. "Piga wakati wowote," alisema.

Nilipiga. Bwana Vickery alisema Clarrie hajambo, anakula biskuti zao zote.

Jumapili, 9 Septemba

Nimepiga. Hawakuwapo.

Jumapili, 16 Septemba

Mvua nyepesi, joto kidogo. Nimepiga, mtoto akapokea, akaniambia mama yake yuko bafuni, akakata.

Jumapili, 23 Septemba

Leo nimempata Bi Glenys Vickery mwenyewe. Ana sauti ya mwalimu wa watoto wadogo.

"Wewe ndiye dada yake," alisema. "Nerida alituambia utapiga. Karibu, mama, sema tu."

"Naomba umpime sukari. Mpeleke kwa daktari kesho. Alikuwa na kisukari, kikaondoka alipong'olewa meno, kinaweza kurudi."

"Sawa, mama. Tutampima." Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwajibu, nikiwapelekea chakula, wagonjwa wa wodi ya wazee walioniomba niwaitie mama zao.

"Mnamlisha nini?"

"Chochote anachopenda. Biskuti, uji wa maziwa, watoto wanampa kastadi. Hana meno, maskini, tunamwonea huruma."

"Amekonda?"

"Amepungua kidogo, umri."

"Anatembeaje?"

Hapo alicheka. "Hilo nalo ni kituko. Miguu ya nyuma anaikalia siku hizi, anatembea kwa visigino, kisigino kizima chini kama mzee na kandambili. Watoto wanamwiga, tunavunjika mbavu."

Paka hutembea kwa vidole. Sukari ikikaa juu muda mrefu hula mishipa ya fahamu ya miguu ya nyuma, na kisigino kinashuka. Pascoe alinifundisha hilo, aliniambia nikiliona nisingoje hata siku moja. Nilimweleza Bi Glenys, mara ya kwanza taratibu, mara ya pili nikipaza sauti, mara ya tatu nikimsihi. Nilimwambia kwamba nilidanganya kanisani, kwamba nililazimishwa, kwamba anakufa hapo miguuni pake wakati watoto wanacheka.

Aliningoja nimalize. Hakukasirika hata kidogo.

"Mama," alisema, "Nerida alituomba tukiwa naye hapo jikoni, tusikukatie simu hata ukisema nini, kwa sababu unampenda sana huyu paka. Na alituambia jinsi ulivyosimama ukakiri mbele ya watu wote. Si wengi wanaoweza. Usijirudishe nyuma sasa." Nyuma yake nilisikia watoto wakicheka, na mmoja akiita, Clarrie, Clarrie, tembea tena. "Tunakuombea," Bi Glenys akasema, kisha akaweka simu chini polepole, kwa adabu.

Nilipiga tena. Iliita mpaka ikakatika yenyewe.